Riba ya Mkopo wa Kampuni Mama Ikikataliwa na TRA: Mwongozo Kamili wa Kujipanga, Kupinga na Kukata Rufani

Barua ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, huwa fupi. Inasema riba mliyoilipa kampuni mama ng'ambo kwa miaka mitatu ya mapato haikubaliki kama gharama, kodi imeongezeka, na mna siku 30 za kupinga. Aliyesaini mkataba wa mkopo keshahama nchi. Mhasibu wa wakati ule yuko kampuni nyingine. Mkataba ukipatikana una kurasa nne na hauna tarehe.

Nimekaa upande wa mlipakodi kwenye meza za namna hii mara nyingi, na jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine ni hili: mgogoro wa riba ni maswali matatu ndani ya bahasha moja. Je, hili ni deni kweli, na fedha yake ilitumika kuzalisha mapato? Je, riba iliyotozwa ni ile ambayo mtu baki angetoza? Na je, deni limezidi mtaji kupita ukomo wa sheria? Kila swali lina kifungu chake, ushahidi wake na hesabu yake. Kampuni nyingi zinapoteza fedha kwa sababu zinajibu swali la pili kwa nyaraka za swali la kwanza, au zinaacha mkaguzi ayachanganye yote matatu na kuhesabu shilingi ileile mara mbili.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa kampuni yenye mkopo kutoka kwa mwenye hisa au kampuni dada. Kenya nitaigusa kidogo, kwa kuwa makundi mengi ya kampuni yana mguu mmoja Dar es Salaam na mwingine Nairobi, na watu huhamisha mazoea ya upande mmoja kwenda mwingine kwa hasara.

Hatua ya kwanza: tenganisha vifungu

Chukua Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, iliyoanza kutumika Julai 2004. Kifungu cha 12 ndicho cha riba. Kinairuhusu kama gharama pale fedha iliyokopwa imetumika katika kuzalisha mapato, kisha kinaweka ukomo wa deni kwa mtaji wa 7 kwa 3 kwa kampuni mkaazi (inayohesabiwa kikodi kuwa ya hapa nchini) ambayo angalau asilimia 25 ya umiliki wake iko kwa watu wasio wakaazi au taasisi zisizotozwa kodi. Kifungu cha 33 ndicho cha uhamishaji bei: miamala kati ya watu wanaohusiana ihesabiwe kana kwamba ilifanywa na watu baki, wasiojuana, kila mmoja akitetea mfuko wake. Chini yake zipo Kanuni za Uhamishaji Bei za 2018, zilizochukua nafasi ya zile za 2014.

Soma toleo la kifungu lililokuwa likitumika katika mwaka wa mapato unaobishaniwa. Tafsiri ya "deni" na "mtaji" katika kifungu cha 12 imerekebishwa zaidi ya mara moja kupitia Sheria za Fedha, na nimewahi kuona pande zote mbili zikibishana kwa wiki kadhaa kila upande ukiwa na toleo lake mkononi.

Hatua ya pili: thibitisha kwamba deni ni deni

Swali hili linaonekana jepesi, lakini ndilo linaloangusha makampuni ya wastani kuliko yote. Mkaguzi akiona fedha iliingia kutoka kwa mwenye hisa, hakuna tarehe ya kurejesha, riba haijawahi kulipwa bali inarundikwa tu kwenye vitabu, na hakuna aliyedai, atasema huu ni mtaji uliovikwa jina la mkopo. Ukijiuliza kwa uaminifu ni benki gani ingekaa kimya hivyo kwa miaka sita, utaona ana hoja.

Kusanya vitu hivi: mkataba uliosainiwa kabla au siku ileile fedha ilipoingia, azimio la bodi ya wakurugenzi la kukopa, taarifa ya benki inayoonyesha fedha ikiingia, ratiba ya marejesho, na ushahidi kwamba ratiba hiyo imefuatwa, au kwamba mkopeshaji aliandika barua ya kudai pale ilipokiukwa. Kwa mkopo wa zaidi ya mwaka kutoka nje, ongeza namba ya kumbukumbu ya deni inayotolewa na Benki Kuu kupitia benki yako ya biashara. Namba hiyo ina thamani kubwa kwenye mgogoro, kwa kuwa ni ushahidi wa mtu wa tatu kwamba masharti ya mkopo yalijulikana tangu mwanzo na hayakutungwa baada ya ukaguzi kuanza.

Kisha fuatilia fedha ilikokwenda. Kama sehemu ya mkopo ilinunua mashine na sehemu nyingine ikakopeshwa kampuni dada bila riba, tegemea riba ya sehemu hiyo ya pili kukataliwa, na tegemea pia kuulizwa chini ya kifungu cha 33 kwa nini mlikopesha bure. Chora mstari kutoka akaunti ya benki hadi mali iliyonunuliwa. Ukurasa mmoja unatosha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, lakini kwa mkopo usihesabu kuanzia siku ya kusaini. Mkopo wa 2013 unaozaa riba hadi 2024 unahitaji mkataba wake uwepo hadi miaka mitano baada ya riba ya mwisho. Kampuni moja niliyoisaidia ilichoma mafaili "ya zamani" ikihamia ofisi mpya, na miongoni mwake ulikuwemo mkataba wa mkopo uliokuwa bado unalipwa. Tulilazimika kuujenga upya kutoka nakala za mkopeshaji, na hata tulipofaulu, mkaguzi aliziangalia nakala zile kwa jicho la shaka hadi mwisho.

Hatua ya tatu: tetea kiwango cha riba

Hapa ndipo uhamishaji bei wenyewe ulipo, na ndipo ningekushauri uweke muda mwingi zaidi.

Swali ni hili: kampuni yako, kwa hali yake ya siku ile, kwa sarafu ile, kwa muda ule na kwa dhamana ile, ingekopeshwa na mtu baki kwa riba gani? Kila neno katika sentensi hiyo lina uzito. Riba ya dola hailinganishwi na riba ya shilingi. Mkopo wa miaka saba usio na dhamana haulinganishwi na wa mwaka mmoja wenye rehani ya kiwanda. Hali ya siku ya kusaini ndiyo inayopimwa, si hali ya siku ya ukaguzi baada ya soko kubadilika.

Anza na kilinganisho cha ndani. Kama kampuni yako ina mkopo wa benki ya kibiashara wa wakati uleule na sarafu ileile, hicho ndicho kilinganisho chenye nguvu kuliko hifadhidata yoyote ya Ulaya. Rekebisha tofauti za dhamana na muda, kisha eleza ulivyorekebisha. Barua ya benki yenye masharti ya mkopo ambao mwishowe hamkuuchukua nayo inasaidia, mradi ilitolewa kwa nia ya kweli na ina tarehe ya wakati huo.

Kama hakuna, kadiria daraja la ukopaji la kampuni kutokana na hesabu zake: deni kwa mapato, uwezo wa kulipa riba, umri wa biashara. Halafu tafuta mikopo au hati fungani za kampuni za daraja hilo. Utapata safu ya viwango, si namba moja. Kaa ndani ya safu, maana ukitoka nje yake mkaguzi atakurudisha kwenye namba ya katikati, na hatakuacha kwenye ukingo ulio karibu nawe.

Sasa kuna jambo linalosahauliwa: kivuli cha kundi. Kampuni tanzu ya kundi kubwa haitazamwi na benki kama yatima. Benki inajua kwamba kampuni mama haitaiacha ianguke kirahisi, kwa hiyo inapunguza riba hata bila dhamana ya maandishi. Kesi mbili za nje zinaonyesha jambo hili, na ingawa hazifungi mahakama zetu, utazikuta kwenye mazungumzo. Australia, mwaka 2017, Chevron ilishindwa mbele ya Mahakama ya Shirikisho: kampuni yake ya Marekani ilikopa sokoni kwa takriban asilimia 1.2, ikaikopesha kampuni ya Australia kwa takriban asilimia 9. Mahakama haikukubali kwamba mkopaji wa ndani ya kundi kama lile angebeba riba hiyo bila kutumia nguvu ya kampuni mama. Kanada ilikuwa kinyume: General Electric Capital ilikuwa ikimlipa mzazi wake ada ya asilimia 1 kwa dhamana, mamlaka ya kodi ikasema dhamana hiyo haina thamani kwa sababu kivuli cha kundi kilikuwepo tayari. Mahakama ya kodi mwaka 2009 ilikubali kwamba kivuli kina uzito, lakini baada ya kukihesabu ikaona dhamana bado ilikuwa na faida kubwa kuliko ada iliyolipwa, na rufani ya 2010 ikauacha uamuzi huo usimame. Kwa hiyo usikatae kivuli. Kihesabu mwenyewe kwenye ripoti yako, ukionyesha kimepunguza riba kwa kiasi gani, kabla mkaguzi hajakuhesabia kwa namna yake.

Kama mkataba wako wa dola unataja LIBOR, kiwango rejea cha riba za benki za London, fahamu kwamba viwango vya LIBOR vya dola vilikoma kuchapishwa kwa msingi wa kawaida Juni 30, 2023. Riba iliyoendelea kuhesabiwa kwa kiwango kisichokuwepo, bila nyongeza ya mkataba inayohamia SOFR, kiwango rejea cha dola kilichochukua nafasi yake, haina mguu wa kusimamia.

Yote haya yawe kwenye ripoti ya uhamishaji bei iliyoandaliwa kabla ya kuwasilisha ritani ya mwaka. Kwa kampuni ambayo miamala yake na watu wanaohusiana inafika shilingi bilioni 10 kwa mwaka, Kanuni za 2018 zinataka ripoti iwasilishwe pamoja na ritani. Chini ya hapo, itatakiwa ndani ya siku 30 baada ya kuombwa. Siku hizo 30 hazitoshi kuandaa ripoti ya mkopo kutoka sifuri. Zinatosha kuichapa iliyo tayari.

Hatua ya nne: piga hesabu ya deni na mtaji, kwa mpangilio sahihi

Chukua kampuni ya kufikirika ya vifungashio Mkuranga, inayomilikiwa asilimia 80 na kampuni ya Uholanzi. Mtaji wa hisa uliolipiwa pamoja na faida iliyobakizwa ni shilingi bilioni 3. Mkopo kutoka kampuni mama, ukibadilishwa kwa shilingi, ni bilioni 12, riba asilimia 11. Riba ya mwaka ni bilioni 1.32.

Kwa mtaji wa bilioni 3, deni linaloruhusiwa ni bilioni 7. Tuseme pia uhamishaji bei unaonyesha riba ya haki ni asilimia 8.

Mpangilio sahihi ni kurekebisha riba kwanza, kisha ukomo. Kwa asilimia 8, riba ni milioni 960. Milioni 360 zinaondoka. Kati ya milioni 960 hizo, zinazohusu bilioni 7 za deni ni milioni 560. Milioni 400 zinaondoka. Jumla iliyokataliwa ni milioni 760.

Lakini mara nyingi hesabu huja hivi: ukomo unapigwa kwenye riba yote ya bilioni 1.32, zinakataliwa milioni 550. Pembeni, kwenye mstari mwingine wa jedwali, yanaongezwa marekebisho ya uhamishaji bei ya milioni 360. Jumla milioni 910. Tofauti ya milioni 150 ni ile asilimia 3 ya zile bilioni 5 zilizozidi, ambazo riba yake ilishakataliwa yote. Imekataliwa mara ya pili. Kwa kodi ya asilimia 30, hizo ni milioni 45 zinazodaiwa bila msingi wowote. Kagua jambo hili kabla ya hoja nyingine yoyote, kwa sababu halihitaji mtaalamu wala hifadhidata, ni hesabu tu, na mkaguzi akionyeshwa kwa adabu kwa kawaida hulirekebisha.

Kisha kagua nini kimeingizwa kwenye deni. Mkopo usio na riba hauhesabiwi, wala mkopo kutoka taasisi ya fedha ya hapa nchini, wala wa benki ya nje ambayo riba yake imekatwa kodi ya zuio (ile anayoikata mlipaji kabla ya kulipa) Tanzania. Kwenye mtaji, tazama fedha iliyoandikwa "ya kusubiri hisa". Mwenye hisa alituma dola, zikaandikwa upande wa mtaji, lakini hisa hazikugawiwa wala taarifa haikupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Hicho si mtaji wa hisa uliolipiwa. Ukitaka kuongeza mtaji ili kupata nafasi ya deni, kamilisha taratibu zote za hisa kabla mwaka haujafungwa.

Ukiwa na kampuni Kenya, usibebe fomula hii. Huko uwiano wa 3 kwa 1 uliondolewa, na tangu 2022 ukomo ni asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Sheria ya Fedha ya 2023 ikauelekeza kwenye mikopo ya wasio wakaazi, na riba iliyozidi inaweza kubebwa mbele hadi miaka mitatu. Kampuni yenye mtaji mnono inaweza kuwa salama Tanzania na kukwama Kenya kwa mwaka mmoja mbaya wa mauzo.

Hatua ya tano: andika pingamizi ndani ya siku 30

Siku zinahesabiwa tangu makadirio, yaani ile barua inayotaja kodi mnayodaiwa, yalipokufikia. Piga muhuri wa kupokea siku hiyohiyo, na kama yamekuja kwa mfumo wa mtandao, hifadhi picha ya skrini yenye tarehe. Ukihitaji muda zaidi, omba kwa maandishi mapema, kabla zile 30 hazijaisha, ukitoa sababu inayoeleweka.

Pamoja na pingamizi kuna malipo: kodi isiyobishaniwa, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ipi iliyo kubwa. Watu hukariri "theluthi" na kusahau nusu ya kwanza. Turudi Mkuranga: makadirio ni asilimia 30 ya milioni 910, yaani milioni 273, theluthi yake milioni 91. Kama kampuni inakubali ukomo wa deni na inabishania kiwango cha riba peke yake, kodi isiyobishaniwa ni asilimia 30 ya milioni 550, yaani milioni 165. Hiyo ndiyo ya kulipa. Ukilipa milioni 91 pingamizi lako halitapokelewa, na makadirio yatasimama. Kamishna Mkuu wa TRA anaweza kupunguza au kusamehe malipo hayo kwa sababu za msingi. Ombi hilo lipeleke sambamba na pingamizi, ukiambatanisha mtiririko wa fedha na taarifa za benki, kwa maana maneno matupu kwamba hali ni ngumu hayajasaidia mtu.

Barua ya pingamizi igawe kwa maswali yale matatu, kila swali na viambatisho vyake. Taja kiasi cha kodi kwa kila hoja, ili hoja moja ikikubaliwa ijulikane mara moja kodi inashuka kwa kiasi gani. Usiandike hoja kumi na tano. Hoja dhaifu hupunguza imani ya msomaji kwa hoja nzuri iliyo jirani yake.

Hapa ndipo kesi ya BlackRock ya Uingereza ina somo. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kuhusu mikopo ya ndani ya kundi ya dola bilioni 4. Kampuni ilishinda hoja ya uhamishaji bei, ikashindwa yote kwa hoja nyingine: kwamba lengo la mkopo lilikuwa nafuu ya kodi. Sheria yetu imeandikwa tofauti, lakini mpangilio wa vita ni huohuo. Ripoti nzuri ya kiwango cha riba haimlindi mtu asiyeweza kueleza kwa nini alikopa. Weka sababu ya kibiashara kwenye azimio la bodi la siku ya kukopa.

Hatua ya sita: mazungumzo, halafu muda

Kamishna akitaka kukataa sehemu ya pingamizi atakuandikia mapendekezo yake, nawe unajibu kwa maandishi. Nenda kwenye kikao na mtu aliyeshiriki kuchukua mkopo, si mshauri wa nje peke yake. Wakaguzi wa Idara ya Walipakodi Wakubwa wanauliza maswali ya biashara, na jibu la mkurugenzi wa fedha aliyekaa mezani na mkopeshaji lina uzito ambao mimi na ripoti yangu hatuna.

Hesabu miezi sita. Ikipita bila uamuzi, makadirio huchukuliwa kuwa yamethibitishwa, na haki yako ya rufani inaanza kuhesabiwa. Kenya ni kinyume kabisa: Kamishna asipoamua ndani ya siku 60, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Nimemwona meneja wa fedha aliyetoka Nairobi akisubiri ukimya Dar es Salaam kwa furaha, akidhani ameshinda. Siku za rufani zilikuwa zinakatika.

Hatua ya saba: Bodi, Baraza, Mahakama ya Rufani

Kwenye Bodi ya Rufani za Kodi, nia ya kukata rufani iwasilishwe ndani ya siku 30 na rufani yenyewe ndani ya siku 45 tangu kupokea uamuzi. Mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi uko kwako, hauko kwa TRA. Juu yake kuna Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za sheria tu. Maana yake kwa mgogoro wa riba ni kubwa: kama kilinganisho kipi ni bora ni suala la ushahidi, basi linamalizikia chini. Mpeleke shahidi wako wa uchumi kwenye Bodi, mwandikie maelezo ya kina, na hakikisha kila kielelezo kimepokelewa na kupewa namba. Kielelezo kilichobaki kwenye mkoba wa wakili hakitapanda ngazi nawe.

Wakati huohuo tazama upande wa pili wa mkopo. Riba iliyokataliwa hapa bado imetozwa kodi kwa mkopeshaji kule, na kodi ya zuio ya asilimia 10 ilishakatwa. Kuna nafuu ya mazungumzo kati ya mamlaka mbili pale penye mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, na mikataba ya muda mrefu ya Tanzania ni na Afrika Kusini, Denmark, India, Italia, Kanada, Norway, Sweden, Ufini na Zambia. Uholanzi haimo, kwa hiyo kampuni yetu ya Mkuranga haina mlango huo. Kama mkopeshaji wako yuko kwenye nchi ya mkataba, soma ibara ya mazungumzo sasa, kwa sababu ina ukomo wake wa muda unaokimbia hata kesi ikiwa bado iko Bodi.

Na mwaka unaofuata ukifika rufani haijaisha, usiendelee kudai riba ileile kwa kiwango kilekile bila maelezo, wala usiishushe kimyakimya, kwa kuwa kushusha kutasomwa kama kukiri. Weka kwenye ripoti mpya aya inayosema mgogoro upo, namba ya rufani ni ipi, na kiwango cha mwaka huu kimefikiwa vipi kwa masharti ya soko la mwaka huu.